Koti la Fuko

Karatasi mpya ni za waridi.
Zilizotangulia zilikuwa za samawati, na kabla ya hizo nyeupe,
na Fuko alikuwamo katika zote, ukurasa wa sitini na moja,
ameketi shimoni, kipofu, akihesabu nyota kwa masikio.

Katika za waridi hayumo.

Fergus, mwandika muswada, alishuka mwenyewe kuniambia,
mvua ya Glasgow ikimtiririka kwenye miwani.
Filamu ni dakika mia na mbili, Saumu, alisema,
na watoto hubanwa na mkojo.
Akacheka. Kisha akaliona koti, akaacha kucheka.

Lilikuwa limevikwa sanamu isiyo na kichwa.
Mahameli nyeusi, mifuko thelathini na mmoja,
kila mfuko na bitana ya rangi yake,
kwa kuwa kitabu chasema Fuko huiweka sauti ya kila nyota
mahali ambapo mkono utaikuta gizani.
Mikesha kumi na mitatu. Nilijidunga kidole
hadi uzi ukabadilika rangi.

Sikumjibu. Ningemjibu nini?
Nami ni mwizi wa kitabu hichohicho.
Kila usiku, ghorofa ya saba, Govan,
mabomba ya joto yakigonga kama mgeni asiyefunguliwa,
nilimsomea Mwanasiti kwa Kiswahili
maneno yaliyolala pale kwa Kiingereza,
na nilipochoka, niliruka.
Ngome ya barafu, iliyomgharimu mwandishi kurasa nne,
mimi niliimaliza kwa pumzi moja:
palikuwa na nyumba kubwa, ina baridi.
Fuko nilimpa kikohozi cha babu yangu mzaa mama
na ile "ehee" yake kabla ya kutoa habari nzito.
Hakuna "ehee" kitabuni. Nimeitafuta.
Sasa nimshike nani shati?

Katriona, mkuu wa mavazi, alilifunga kibandiko: HALITUMIKI.
Likaenda kuning'inia nyuma kabisa,
kati ya mabawa yanayopukutika na mikia ya mijusi.
Vipande vilivyobaki, tupa, akasema.

Koti la msichana shujaa, la sufu nyekundu,
lilikuwa bado halina bitana ya ukosi.
Hakuna aliyeniuliza rangi.

Machi, Jumapili asubuhi, wakatualika
wafanyakazi na jamaa zao, viti vya bure, bisi za kununua.
Mwanasiti ana miaka minane sasa, na pengo mbele.
Watoto wakaingia chini ya mlima upande huu,
wakatokea upande ule,
muziki ukatandikwa juu ya shimo kama mkeka.
Ukumbi mzima ukapita juu yake, wala hakuna aliyejikwaa.
Ila mkono mdogo ulinishika.
"Mama, wamempita."
Nikamwambia ngoja.
"Wamempita, na hajamaliza kuhesabu."

Nyuma yetu mtu alitusihi tunyamaze.
Nilitamani kumgeukia nimweleze yote,
mifuko, mikesha, babu, karatasi za waridi,
lakini naye alikuwa na mtoto mapajani, mdomo wazi,
anaiona ile ngome ya barafu ambayo mimi nilimnyima wangu.
Ilikuwa nzuri. Naapa ilikuwa nzuri.
Iling'aa hadi Mwanasiti akageuka kunitazama
kama mtu aliyegundua kwamba amepunjwa.

Kisha upepo, kule kileleni.
Upepo wa mashine; namjua aliyeiwasha, Dougie wa Paisley,
mwenye mafua tangu Novemba.
Msichana akainua ukosi.
Nusu sekunde ya weusi shingoni mwake.

"Yule pale," nikanong'ona.

Mwanasiti hakuuliza wapi. Aliinama mbele,
akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiyepata kumwona,
"Ehee," akasema,
"thelathini na mbili."